Nilinunua vifaa vya kuzamia vya staa kwa laki saba, haya ndiyo yaliyonikuta

Wiki mbili zilizopita nilitupia picha nikiwa chini ya maji kule Nungwi, na tangu siku hiyo inboksi yangu haijapumzika. Nusu yenu mnauliza hela nimetoa wapi. Nusu nyingine mnauliza: mtu akitaka kuanza kuzamia, anunue nini kwanza? Swali la kwanza tuliache. La pili nalijibu leo, maana mimi mwenyewe nililijibu vibaya na likanitoka laki saba.

Kwanza mjue mimi siyo mtu wa bahari. Nimekulia Magomeni, bahari kwangu ilikuwa Coco Beach siku ya Idi na mihogo ya kukaanga. Upande wa mama ndiyo watu wa Nungwi, kaskazini kabisa mwa Unguja. Nina mjomba kule, alikuwa mzamiaji wa majongoo ya baharini. Siku hizi anatembea na fimbo, mguu wa kushoto anauburuta. Nilipokuwa mdogo nilijua ni ajali tu, hakuna aliyenieleza. Mjomba huyu mtamkuta tena huko mbele.

Mwaka jana kituo kimoja cha kuzamia kilikuwa kinatafuta mtu wa kuwapigia picha na kuwaandikia kurasa zao kwa Kiswahili. Tukakubaliana wanilipe nusu hela, nusu kozi. Ndiyo nikasoma kozi ya mwanzo: mazoezi ya bwawani, halafu mizamo minne baharini. Ukifaulu unapewa kadi ya kukuruhusu kushuka mpaka mita 18 ukiwa na mwenzako. Sitawadanganya, siku ya kwanza kupumua chini ya maji nililia ndani ya miwani. Kwa furaha lakini.

Tatizo likawa picha. Vifaa vya kukodi mnavijua? Suti nyeusi imepauka magotini, mapezi moja na la pili rangi tofauti, miwani imekwaruzika. Mimi mtu wa kuuza sura, followers wangu wanategemea nipendeze, halafu naonekana kama nimeenda kuzibua chemba. Nikaanza kudunduliza. Miezi kumi, kidogo kidogo, nikafikisha milioni moja na laki nne.

Hapo ndipo staa wetu alipotupia tangazo. Simtaji, na nawaomba msianze kubahatisha kwenye komenti. Tuseme tu ni dada ambaye nyimbo zake mmezicheza harusini, na mwaka juzi alitikisa mitandao na picha zake za chini ya maji, kavaa pinki juu mpaka chini. Akaandika anauza koti la kuelea na reguleta, vimetumika mara mbili tu, laki saba. Nilituma meseji kabla hata sijamaliza kusoma.

Nikaenda kwake. Begi lilikuwa stoo, limelala pembeni ya jenereta. Nilipofungua zipu, harufu ya chumvi ikanipiga puani. Wadau, mtu mwenye akili timamu angejiuliza: vifaa vikitoka baharini huoshwa kwa maji baridi, sasa hii chumvi imetoka wapi? Mimi nilikuwa naangalia pinki.

"Mara mbili tu mpenzi," akaniambia. "Siku hizi sina muda na mambo ya maji."

Nikalipa kwa simu palepale. Nikapiga naye selfi. Nikapanda boti kesho yake asubuhi kwenda Unguja, begi nimelikumbatia kama mtoto.

Mwalimu wangu wa kuzamia ni kijana wa palepale Nungwi, siyo mtu wa maneno mengi. Akaishika reguleta, akaangalia pale inapofungwa kwenye mtungi, akaniita. "Dada, njoo uone hapa." Kuna kichujio kidogo pale mlangoni, kipande cha chuma chenye vitundu ambavyo hata huvioni. Kilikuwa kijani. Kijani cha kutu ya shaba. Akasema hii maana yake maji ya chumvi yaliingia ndani, yakakaa. Akaukunja mpira wa hewa karibu na kiungo chake cha chuma, ukaonyesha nyufa ndogo ndogo kama kisigino kilichopasuka.

"Hii haiingii majini," akasema. Yameisha. Hakuna mjadala.

Nikabembeleza angalau nijaribu koti, maana koti lilionekana zima. Akakubali, lakini bwawani na kwa reguleta ya kituo, yeye akiwa pembeni yangu.

Kwa wasiojua, koti la kuelea ni lile unalovaa kama fulana nene, mtungi unafungwa mgongoni mwake. Linaunganishwa na hewa ya mtungi. Ukibonyeza kitufe kimoja linajaa na unapanda, ukibonyeza kingine linatoa na unashuka. Tukashuka mpaka chini, mita tatu tu. Nikabonyeza kitufe cha kujaza, kidogo, kama nilivyofundishwa. Nikaachia. Kitufe hakikurudi.

Koti likaendelea kujaa lenyewe. Likanibana mbavu, likanivuta juu. Nabonyeza cha kutoa, linatoa huku linajaa. Nilichokumbuka ni kitu kimoja, sheria ya kwanza ya kozi: usibane pumzi hata siku moja. Hewa uliyoivuta chini inatanuka ukipanda, na kama umefunga koo inatafuta pa kutokea kwenye mapafu. Hata kina kifupi kama cha bwawa kinatosha kukuumiza. Basi nikawa napiga "aaaa" kama mgonjwa wa meno, napanda kama kizibo. Mwalimu alinishika mguu na mkono mwingine akachomoa ule mpira unaojaza koti. Likanyamaza.

Tulipotoka alikaa kwenye ngazi ya bwawa muda mrefu. Halafu akaniuliza kwa upole, "Ingekuwa mita 16 je?"

Sikumjibu. Nyinyi mnalo jibu.

Fundi alipofungua kile kitufe alikuta chumvi imeganda ndani kama sukari guru. Staa hakudanganya, vilitumika mara mbili. Ila baada ya hizo mara mbili vilitupwa kwenye begi bila kuoshwa, vikakaa karibu miaka miwili kwenye joto la stoo. Reguleta inatakiwa ipelekwe kwa fundi kila mwaka au kama mtengenezaji alivyoandika, hata kama huitumii sana. Mipira inakauka ikiwa imelala tu. Kuifungua, kuisafisha na kubadilisha vipuri vya vyote viwili nikapigiwa hesabu ambayo ningeongeza kidogo tu ningenunua kipya cha bei ya chini.

Halafu kuna hili la pinki, mcheke kidogo. Mwalimu aliniambia kwenye maji rangi nyekundu ndiyo inayopotea kwanza. Mita chache tu inaanza kufifia, ukifika mita 15 bila tochi pinki yako imekuwa kijivu. Zile picha za staa zilizotikisa nchi? Zilipigwa bwawani. Laki saba zangu zote nilinunua rangi ambayo samaki haioni.

Sasa ngoja niwape faida, msije mkasema nimewapotezea bando.

Kitu cha kwanza kununua ni miwani. Miwani ya kuzamia inafunika macho na pua pamoja, siyo ile ya kuogelea ya macho tu. Kila uso na umbo lake, na miwani isiyokukaa itavujisha maji mzamo mzima. Kipimo chake ni bure: iweke usoni bila kamba, vuta hewa kidogo kwa pua, achia mikono. Ikibaki imeng'ang'ania, hiyo ni yako. Ikidondoka, irudishe hata kama ni nzuri vipi. Mimi nilijaribu saba, iliyonikaa ilikuwa ya nane, nyeusi, ya kawaida kabisa, laki moja na elfu thelathini.

Wadada, hapa nisikilizeni. Unywele mmoja ukipita chini ya ule mpira laini wa miwani, maji yanaingia. Misuko ifungeni nyuma, vile vinywele mnavyovilaza kwenye paji la uso vitoeni kabisa njiani. Kope ndefu za kubandika zinagusa kioo, ukipepesa macho unafuta kioo kama waipa ya gari. Wanaovaa hijabu, ipo kofia ya kubana ya kuzamia, kamba inapita juu yake bila shida, ila pindo lake lisiingie chini ya miwani. Na kaka zangu wenye masharubu, nanyi yanawahusu, yanavujisha chini ya pua.

Miwani mpya ina utando wa kiwandani unaoleta ukungu. Sugua kioo kwa ndani na dawa ya meno ya kawaida nyeupe, suuza, rudia mara kadhaa. Baada ya hapo kila kabla ya kushuka unatemea mate, unasambaza, unasuuza. Ndiyo, mate. Hata mastaa.

Cha pili, mapezi. Yako ya aina mbili: ya kuvaa miguu mitupu kama kiatu, na ya nyuma wazi yenye kamba unayovaa na viatu laini vya maji. Angalia unaingilia wapi. Kama unapanda boti kutoka kwenye mchanga na kurukia maji ya kina, miguu mitupu inatosha. Kama maji yakipwa unatembea juu ya mawe na wale wadudu wa miiba, chukua ya viatu. Hayapaswi kukubana vidole wala kupwaya. Hili unaweza kuendelea kukodi bila aibu.

Cha tatu, suti. Bahari yetu ni ya joto lakini maji yanakupora joto haraka kuliko hewa, na miezi ya kusi, Juni mpaka Agosti, utatetemeka ukidharau. Suti nyembamba ya milimita 3 inatosha wengi. La muhimu ikubane. Ikipwaya, maji yanaingia na kutoka na joto lako linaondoka nayo. Ndiyo maana suti ya kuazima kwa rafiki mnene au mwembamba kuliko wewe haina maana.

Koti na reguleta, mzamiaji mpya, kodi. Kodi kwenye kituo kinachovitumia kila siku na kuvipeleka kwa fundi. Reguleta ndiyo inayopunguza hewa ya mtungi, ambayo ukijazwa ni bar 200 hivi, mpaka iwe sawa na ukandamizaji wa pale ulipo uweze kuvuta. Siyo kitu cha kununua kwa picha ya Insta. Ukizamia mizamo ishirini, thelathini, utajua mwenyewe unapenda koti la namna gani, na mitungi ya pale unapozamia inafungwaje, maana aina za kufunga ni zaidi ya moja.

Kama utanunua iliyotumika, na sijasema ni dhambi, omba karatasi ya fundi ya mara ya mwisho. Angalia kichujio. Kunja mipira. Koti lijaze hewa uliache usiku kucha, asubuhi likute vilevile. Bonyeza vitufe mara hamsini. Na ukisikia harufu ya chumvi, funga zipu, sema asante, nenda nyumbani.

Mtauliza, na hela iliyobaki? Nilibakiwa na laki saba. Kumi kati ya wadau kumi mngesema ninunue suti nzuri, na mimi ndiyo lilikuwa wazo langu. Ila siku ile ya bwawani jioni nilienda kumsalimia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Nasikia leo umeruka kama pomboo."

Nungwi habari hazilali. Nikacheka, yeye hakucheka. Akaniambia nikae kwenye baraza. Ndiyo siku ya kwanza aliponihadithia ule mguu.

Wakati huo majongoo ya karibu yalikuwa yameisha, tajiri akawaletea mitungi. Hakuna kozi. Waliambiwa weka mdomoni, vuta, shuka. Hawakuwa na kipimo cha kina wala saa. Walikuwa wanashuka mpaka mtungi unakuwa mgumu kuvuta, ndiyo wanajua hewa imeisha, wanapanda mbio. Mitungi mitatu, minne kwa siku. Siku hiyo alipanda, akakaa kwenye boti vizuri tu, akavuta sigara. Baada ya dakika chache viungo vikaanza kuuma, kisha miguu ikawa siyo yake. Kijijini wakasema ni shetani wa baharini. Wakamsomea, wakamfukizia ubani. Mguu wa kulia ukarudi. Wa kushoto haukurudi wote.

Mimi nilikuwa nimejifunza kwenye kozi kilichompata, na nilimweleza taratibu, nikiogopa kumkosea adabu. Kwamba ukipumua chini ya ukandamizaji, naitrojeni ya kwenye hewa inaingia mwilini na kukaa. Ukipanda polepole inatoka kwa mapafu kama kawaida. Ukipanda mbio inatoa mapovu ndani ya damu na kwenye mishipa ya fahamu, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Dawa yake ni oksijeni na chumba maalumu cha kumrudisha mtu kwenye ukandamizaji, haraka.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu. "Sasa nyinyi mnajuaje kama mnapanda mbio?"

Nikamwambia kuna kompyuta ndogo, inavaliwa mkononi kama saa. Inapima kina na muda, inahesabu naitrojeni, inakwambia umebakiwa na dakika ngapi kwa kina hicho, na ukipanda haraka inapiga kelele. Ukikaribia juu inakwambia simama mita 5, dakika 3, ndipo umalizie. Hata ndege inakwambia usipande mpaka lini. Hili mlisikie nyie wa wikiendi: ukizamia siku kadhaa mfululizo, subiri angalau saa 18 kabla ya ndege ya kurudi Dar.

"Na wewe unayo?"

"Hapana mjomba. Naangalia ya mwalimu."

Hakusema kitu. Aliangalia mguu wake tu, halafu akaangalia baharini.

Kesho yake nilirudi Dar, nikanunua ile miwani nyeusi, na kompyuta ya bei ya chini kabisa, laki tano na ishirini. Mpya. Kijivu. Haina urembo wowote. Ile ya mwalimu ilikuwa inahesabu mwili wa mwalimu, mimi nilipokuwa nashuka mita mbili chini yake kufuata kasa ilikuwa hainijui. Kila mtu na yake, hakuna kugawana. Nikabakiwa na elfu hamsini ya boti.

Staa nilimtumia meseji na picha ya kile kichujio. Siku tatu tiki za bluu, kimya. Nilishaandika post nzima ya kumchana, mnanijua nikiamua. Siku ya nne akapiga. Akasema hakujua kama vinaoshwa, watu wa kupiga picha ndio walivifunga kwenye begi. Akanirudishia laki nne, tatu akasema ameshatumia. Nilikuwa nakaribia kukata simu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi na wewe miwani ilikuwa inakuingiza maji?"

Kumbe mzamo wake wa pili ndiyo ulikuwa wa baharini, na hakufika hata mita 6. Maji yalimjaa usoni, akapaniki, wakamtoa. Kope za kubandika, nywele za wigi pembeni, na miwani aliyoichagua kwa sababu inafanana na suti. Miaka miwili anaamini yeye ndiye mwoga. Nikamweleza kipimo cha kuvuta hewa kwa pua. Akacheka mpaka akakohoa. Ile post niliifuta.

Juzi nimetoka kuzamia, nikampelekea mjomba kompyuta barazani. Nikamwonyesha: mita 16.4, dakika 41. Nikamwonyesha mchoro wa mzamo, mstari unashuka, unatembea, halafu unapanda taratibu, na pale mita 5 umenyooka kwa dakika 3. Akaishika karibu na macho. Akaweka kidole kwenye ule mstari ulionyooka.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo tulikuwa hatusimami."

Basi wadau, hayo ndiyo majibu yangu. Miwani inayokukaa, kisha kompyuta, vingine kodi kwanza. Nani mwingine keshawahi kununua kitu kwa sababu ya rangi kikataka kumtoa roho? Nisimulieni hapo chini, nasoma zote. Na jina la staa nimesema msitaje.